Kisanduku Kilichozimwa Kiseme Sababu

Fomu nyingi za mtandaoni hapa Tanzania zina vile visanduku vinne vinavyofuatana: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Mkazi wa Gendabi, chini ya Mlima Hanang, akiifungua fomu kwenye simu anakuta kisanduku cha mkoa kimewaka, na vitatu vya chini yake vina rangi ya kijivu. Akichagua Manyara, cha wilaya kinawaka. Akichagua Hanang zinakuja kata zake, naye anashusha kidole hadi aione Gendabi. Utaratibu huo ni mzuri. Unamzuia mtu asichague kata kabla mfumo haujajua wilaya, na unamkinga asije akasajiliwa kwenye wilaya isiyo yake.

Sasa mtandao ukatike katikati. Ameshachagua Hanang, orodha ya kata haijafika, kisanduku cha kata kimebaki kijivu. Anakigusa, hakijibu. Anakigusa tena. Hakuna maandishi yanayomwambia kwamba orodha bado inakuja, wala kwamba mtandao umekatika na anaweza kujaribu tena kwa kugusa mahali fulani. Mwisho wake tunaujua wote: ataiacha fomu, au atafunga safari hadi Katesh, aingie kwenye duka la steshenari, ajaziwe kwa kulipia. Kwa aliyetengeneza fomu lile lilikuwa neno moja tu kwenye msimbo. Kwa huyu ni nauli na nusu siku ya shamba.

Nawaandikia ninyi mnaotengeneza fomu hizo: mliosomea kazi hii, mliojifunza wenyewe kwa simu na kompyuta ya kuazima, mnaopewa kazi na halmashauri, shule, saccos na vyama vya ushirika. Kuzima sehemu ya fomu ni jambo jepesi mno, ndiyo maana linafanywa bila kufikiriwa. Naomba tulifikirie pamoja.

Tuanze na kinachotokea hasa. HTML ina sifa iitwayo disabled, ambayo ipo tangu toleo la nne la lugha hiyo mwaka 1997. Inakubalika kwenye kisanduku cha kuandikia (input), kisanduku kirefu cha maelezo (textarea), orodha ya kuchagua (select) pamoja na machaguo yaliyomo ndani yake, kitufe (button) na kundi la visanduku (fieldset). Ukiiweka kwenye div au kwenye kiungo cha kawaida haifanyi lolote. Hapo ndipo wengi hupoteza saa nzima wakishangaa kwa nini kiungo chao "kilichozimwa" bado kinafunguka.

Sifa hii haina ndiyo wala hapana. Ikiwepo imezima, isipokuwepo haijazima. Kwa hiyo anayeandika disabled="false" akitarajia kisanduku kiwake atakikuta kimezimwa vilevile, kwa sababu kivinjari hakisomi lile neno false; kinaona sifa ipo, basi. Ukitumia JavaScript, andika kisanduku.disabled = false na kitawaka; lakini ukitumia setAttribute na kuipa thamani ya false, utakuwa umekizima upya. Ukitaka kuiondoa kwa njia hiyo ya pili, tumia removeAttribute.

Kisanduku kikishazimwa, mambo manne hutokea kwa pamoja. Hakiguswi wala hakiandikwi. Kinarukwa na anayetembea kwenye fomu kwa kitufe cha Tab. Kivinjari hakikikagui, hata kama umeweka sharti kwamba lazima kijazwe. Na la nne, ambalo limeharibu taarifa nyingi kuliko yote, kilichomo ndani yake hakitumwi kwenye seva.

Hilo la nne lazima nilikazie. Mifumo mingi siku hizi ikishapata namba ya NIDA humletea mwombaji jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa vikiwa vimeshajazwa. Mtengenezaji hataki jina libadilishwe, na ni sawa. Anaweka disabled. Mwombaji analiona jina lake, anaridhika, anatuma. Seva inapokea fomu isiyo na jina. Mfumo ukiwa mkali, unamrudishia ujumbe kwamba jina halijajazwa, naye analiona pale mbele ya macho yake. Mfumo ukiwa mlegevu hali ni mbaya zaidi: mtu anayekuja kubadilisha namba ya simu tu, jina lake la zamani linafutwa na kuandikwa utupu juu yake. Hakuna aliyeona kosa. Litagundulika siku mkulima atakapofuata mbolea ya ruzuku, jina lisionekane kwenye orodha.

Kwa jina lile sifa sahihi ni readonly. Nayo inazuia kuandika, lakini mtu anaweza kukiingia kisanduku, kukisoma, kunakili kilichomo, na kilichomo kinatumwa. Ina mipaka yake. Inafanya kazi kwenye visanduku vya maandishi, namba na tarehe na kwenye textarea. Haifanyi kazi kwenye orodha ya kuchagua, kwenye visanduku vya kuweka alama ya vema, wala kwenye vile vya duara vya kuchagua kimoja. Ukiwa na orodha ya kata ambayo hutaki ibadilishwe, usihangaike nayo. Andika "Kata: Gendabi" kama maandishi ya kawaida, na thamani yake uiweke kwenye kisanduku kilichofichwa, au bora zaidi seva iitafute yenyewe kwenye kumbukumbu zake. Mtu hahitaji kuonyeshwa kisanduku asichoweza kukitumia. Anahitaji kujua umeandika nini kumhusu.

Nije kwenye kitufe cha "Endelea", maana hapa nina ugomvi wa wazi na desturi iliyoenea. Watengenezaji wengi hukizima kitufe hicho hadi kila kisanduku kijazwe sawasawa. Nia yao ni njema: hawataki fomu nusunusu. Lakini tazama inavyomwendea mwombaji. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Kwenye kitambulisho imechapwa ikiwa na vistari vitatu vinavyoigawa, tarakimu nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Mzee aliyeshika kitambulisho chake mkononi anaandika anachokiona, vistari na vyote. Herufi zinakuwa 23. Mtengenezaji aliandika kwamba zikiwa 20 kitufe kiwake, zisipokuwa 20 kibaki kimezimwa. Mzee amejaza kila kitu, amekagua namba yake tarakimu kwa tarakimu, na kitufe kimekufa. Hajakosea. Ameandika kama serikali ilivyomwandikia.

Kitufe kilichozimwa bila maelezo ni ofisi iliyofungwa bila tangazo mlangoni: mtu hajui arudi kesho, aende dirisha jingine, au kuna karatasi amesahau nyumbani. Ushauri wangu ni huu. Kiache kitufe cha kutuma kikiwa kimewaka wakati wote. Mtu akikibonyeza ilhali kuna kasoro, mpeleke kwenye kisanduku chenye kasoro, umwandikie pale pale kwa Kiswahili cha kawaida: "Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Hapa zimeingia 19." Na vile vistari usimlaumu navyo, viondoe mwenyewe kwenye msimbo kabla ya kuhesabu. Ni kazi ya mstari mmoja. Ukweli ni kwamba ukiandika ujumbe wa kasoro vizuri, sababu ya kukizima kitufe inakwisha.

Kuna wakati mmoja tu ambapo napenda kukiona kitufe hicho kikizimwa: mtu akishakibonyeza. Mtandao wa vijijini unakuja na kuondoka. Mtu anabonyeza "Lipia", haoni kitu, anabonyeza tena, na tena, na mfumo unamtengenezea kontroo namba tatu kwa malipo yale yale. Hapo kizime, na ubadilishe maandishi yake yawe "Inatuma, subiri kidogo". Lakini kizime kwenye tukio la submit, usikizime kwenye click, kwa sababu ukikizima mapema kivinjari kinaweza kuacha kabisa kutuma fomu. Ujue pia kwamba kitufe chenye jina na thamani yake, kwa mfano fomu yenye "Hifadhi" na "Tuma", kikishazimwa thamani hiyo nayo haisafiri, na seva haitajua mtu alibonyeza kipi. Thamani ya aina hiyo iweke kwenye kisanduku kilichofichwa.

Kisha uhakikishe kitufe kinafufuka. Ombi likishindwa, liwe limeshindwa kwa sababu ya mtandao au kwa sababu ya seva, kiwake tena na umweleze mtu kilichotokea. Akirudi nyuma kwa kitufe cha kivinjari, ukurasa unaweza kurudishwa kutoka kwenye kumbukumbu ukiwa kama alivyouacha, kitufe kikiwa bado kimezimwa; tukio la pageshow ndilo mahali pa kukiwasha. Firefox nayo ina tabia ya kukumbuka hali ya kitufe hata baada ya ukurasa kupakiwa upya, na dawa yake ni kuweka autocomplete="off" kwenye kitufe chenyewe. Ulinzi wa kweli dhidi ya malipo mawili, hata hivyo, uko kwenye seva: kila fomu inayofunguliwa ipewe alama yake ya pekee, na alama hiyo ikishatumika mara moja isikubaliwe tena.

Nimesema mengi dhidi ya kuzima. Nikuonyeshe sasa mahali ambapo kuzima ni heshima kwa anayejaza.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang. Katesh, Gendabi na maeneo ya jirani yaliumia vibaya, zaidi ya watu 80 walifariki, na nyumba zilisombwa pamoja na vilivyokuwamo. Mfikirie mtu aliyetoka kwenye msiba wa namna hiyo anakutana na fomu yenye kisanduku cha namba ya kitambulisho, alama nyekundu ya lazima, na hakuna njia nyingine. Kadi iko chini ya tope. Namba hakuikariri. Fomu haina pa kusema hivyo. Wala si lazima liwe janga kubwa; nyumba moja ikiungua usiku, mwenye nyumba yuko kwenye hali ile ile.

Weka chini ya kisanduku cha namba alama moja ya kuchagua: "Sina namba wala kadi kwa sasa." Mtu akiiweka alama ya vema, kisanduku cha namba kizimwe, na papo hapo kifunguke kingine chini yake kinachomuuliza ana nini badala yake: kadi ya mpiga kura, barua ya mtendaji wa kijiji, au namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Hapa zile tabia za disabled ambazo huko juu zilikuwa hasara zinageuka faida. Kisanduku kilichozimwa hakikaguliwi, kwa hiyo lile sharti la lazima halimzuii tena. Hakitumwi, kwa hiyo seva haipati namba ya kubahatisha. Inajua namba haipo na inajua sababu. Na kama mtu alikuwa ameshaandika tarakimu kadhaa, usizifute. Akiondoa alama azikute zinamsubiri.

Fieldset inarahisisha kazi hii kwenye fomu ndefu. Wakazi wengi wa Hanang na Mbulu wanalima na kufuga, lakini si wote. Fomu ya usajili ikiwa na sehemu ya mifugo yenye ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, tarehe za chanjo na mahali pa josho, usikizime kila kisanduku kwa mkono. Viweke vyote ndani ya fieldset moja, na uizime hiyo. Vyote vilivyomo vitazimika kwa pamoja na kuwaka kwa pamoja. Kuna kanuni ndogo hapa inayofaa kuijua: kilichomo ndani ya legend ya kwanza ya fieldset hakizimwi. Kwa hiyo swali "Je, unafuga?" pamoja na alama yake liweke ndani ya legend. Litabaki hai wakati sehemu nyingine yote imelala, na mtu akibadili mawazo anajua pa kugusa.

Kwa sehemu nzima ya ukurasa, yenye viungo na picha na si visanduku tu, kuna sifa nyingine iitwayo inert, ambayo tangu mwaka 2023 inakubalika kwenye vivinjari vyote vikubwa. Tofauti yake na disabled ni kwamba haizuii data kutumwa: kisanduku kilicho ndani ya sehemu yenye inert hakiguswi, ila kilichomo kinasafiri. Chagua ukijua unataka lipi. Na ukumbuke simu nyingi za mitaani zina vivinjari vya zamani visivyoijua.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo, kwa kuwa wanaoumia ni watu wasio na hatia. Kuzima kisanduku hakulindi chochote. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kufungua zana za kivinjari, akaifuta ile sifa ya disabled, akabadilisha bei, kata au kiwango cha mkopo, akatuma. Kwa hiyo kila kitu ulichokizima kwenye ukurasa kikaguliwe upya kwenye seva kana kwamba hakikuzimwa kamwe. Tena kilichomo ndani ya kisanduku kilichozimwa kinasomeka kwa yeyote aliyefungua ukurasa. Nimeona fomu inayoonyesha nusu ya namba ya kitambulisho kwenye skrini, huku namba nzima imekaa ndani ya msimbo wa ukurasa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa ambayo mtu hapaswi kuiona usiipeleke kwenye simu yake kabisa, iwe imezimwa, imefichwa au imepakwa rangi.

Na rangi yenyewe. Kijivu chepesi juu ya kijivu chepesi zaidi kinapendeza kwenye kompyuta ya ofisini. Kitoe nje saa sita mchana, kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka, hakionekani. Miongozo ya kimataifa ya WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, lakini inavisamehe visanduku vilivyozimwa. Usiupokee msamaha huo. Mtu anatakiwa asome lebo ya kisanduku hata kama hawezi kukijaza, la sivyo hatajua ni nini kinachosubiri. Kwenye CSS tumia kichaguzi cha :disabled, ukipe kisanduku mpaka wa nukta na rangi ya nyuma tofauti, maandishi yabaki meusi ya kutosha.

Kwa wasioona jambo ni zito zaidi. Programu ya kusoma skrini humsomea mtu fomu kwa sauti, na anayetembea kwa Tab anakiruka kisanduku kilichozimwa bila kujua kwamba kipo. Kama ni muhimu ajue, acha disabled na utumie aria-disabled="true". Hiyo inatangaza kwamba kisanduku au kitufe hakitumiki kwa sasa, lakini mtu anaweza kukifikia na kukisikia. Kazi ya kukizuia kisifanye kitu inabaki kwako, kwenye JavaScript. Kisha andika sababu chini yake kama maandishi ya kawaida, "Chagua wilaya kwanza", na uyafunge kwenye kisanduku kwa aria-describedby ili yasomwe pamoja nacho. Usiitegemee ile title inayojitokeza kipanya kikipita juu. Kwenye simu hakuna kipanya.

Maandishi hayo ya sababu ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote, nami ningeomba yapewe muda kama unaopewa msimbo. Yawe mafupi. Yaseme la kufanya. "Sehemu hii haipatikani" halisaidii mtu yeyote. "Orodha ya kata inakuja", "Usajili wa msimu huu umefungwa, muulize afisa ugani wa kata yako", "Sehemu hii inajazwa na mtendaji wa kijiji, wewe iache": hayo yanasomeka. Kumbuka kwamba kwa Wairaqw na Wabarbaig wengi wenye umri huko Hanang Kiswahili ni lugha ya pili, na mara nyingi fomu inasomwa na mjukuu kwa niaba ya bibi. Sentensi ikimshinda mjukuu kuitafsiri papo hapo, iandike upya.

Kabla hujaikabidhi fomu, ijaribu hivi. Chukua simu ya bei nafuu, siyo yako. Toka nje kwenye jua. Jaza mkoa na wilaya, kisha uzime data kabla orodha ya kata haijafika, uone skrini inasema nini. Iwashe data, uone kama kata zinakuja bila kuanza upya. Andika namba ya NIDA yenye vistari. Weka alama ya "Sina" kisha uiondoe. Bonyeza "Tuma" mara tatu harakaharaka, rudi nyuma, bonyeza tena. Pitia fomu nzima kwa Tab kwenye kompyuta bila kugusa kipanya. Mwisho nenda kwenye seva ufungue kilichopokelewa, ukilinganishe kisanduku kwa kisanduku na ulichoandika, hasa vile vilivyokuwa vimejazwa kabla hujafika. Ukikosa jina, tafuta neno disabled kwenye msimbo wako kabla ya kutafuta kosa mahali pengine popote.